Nani ashike fedha mpaka mzigo ufike?

LEICESTER, Uingereza

Mwaka 2024, katika wiki moja, nilinunua vitu viwili kwa njia ya intaneti.

Cha kwanza kilikuwa viatu vya shule vya mwanangu. Niliviagiza usiku nikiwa kitandani, vikafika kesho yake, vikambana. Nikavirudisha ndani ya boksi lile lile, nikabandika karatasi iliyokuja nalo, nikaliacha kwa muuza magazeti wa mtaani kwetu anayepokea vifurushi. Baada ya siku nne fedha zikarudi kwenye kadi. Sikuzungumza na mtu, wala hakuna aliyeniuliza kwa nini.

Cha pili kilikuwa blenda. Mama yangu mdogo anayeishi Tanga alitaka kuanza kuuza juisi ya matunda nje ya nyumba yake, akaniomba nimnunulie mashine yenye nguvu, si hizi za kusagia nyanya. Nikatafuta muuzaji wa Dar es Salaam kwenye Instagram. Ukurasa wake ulikuwa na wafuasi maelfu kwa maelfu, picha zinang'aa, na chini ya kila picha maneno tunayoyajua sote: "Bei njoo inbox." Nikaenda inbox. Tukapatana shilingi 230,000 pamoja na nauli ya basi. Nikatuma fedha kutoka huku mpaka kwenye simu yake, nikaletewa picha ya risiti ya basi, na siku ya pili yake mama akaenda stendi ya Kange kuchukua mzigo.

"Mwanangu," akaniambia jioni kwenye simu, "boksi ni la mashine, lakini kilichomo ni jagi lenye ufa na mota ya kitu kingine. Haviingiliani."

Muuzaji alipopigiwa alijibu mara moja tu, kwamba mali ikishauzwa hairudishwi, na kama imevunjika njiani basi waulizwe watu wa basi. Watu wa basi nao wakasema wao wanabeba boksi, hawalifungui. Baada ya hapo namba yangu ikazuiwa.

Ndugu msomaji, bila shaka nawe unacho kisa chako. Wezi wapo kila mahali, na huku Uingereza wapo wa kutosha, kwa hiyo makala hii haimhusu mwizi. Inahusu jambo jingine. Katika ununuzi wa kwanza sikuwa na haja ya kujua kama muuzaji ni mwaminifu. Katika ule wa pili kila kitu kilitegemea uaminifu wake. Kwa nini?

Kutoka Gateshead hadi Hangzhou

Tukisikia habari za maduka ya mtandaoni huwa tunaelezwa habari za mashine: kompyuta, simu, maghala yenye roboti, na siku hizi programu zinazojibu wateja zenyewe. Lakini kuagiza kitu kwa waya ni jambo la zamani kuliko wengi wanavyodhani. Mwezi Mei 1984, mama mmoja wa miaka 72 aitwaye Jane Snowball, mkazi wa Gateshead kaskazini mwa Uingereza, aliketi sebuleni kwake akaagiza siagi ya mimea, mayai na konfleksi kutoka Tesco kwa kutumia televisheni iliyounganishwa na laini ya simu. Mfumo huo ulibuniwa na Michael Aldrich. Vitu vikamfikia nyumbani. Ilikuwa miaka 10 kabla ya Jeff Bezos kuanzisha kampuni ya Amazon.

Bi Snowball hakuwa na tatizo la kumwamini muuzaji. Tesco ilikuwa na duka mjini mwake, lina mlango na meneja, na anayedhulumiwa anajua pa kwenda kugomba. Taabu ilianza pale muuzaji alipokuwa mtu yeyote, wa popote, asiyejulikana.

Hilo ndilo lililomkuta Pierre Omidyar alipofungua mnada wake wa intaneti mwezi Septemba 1995, ambao baadaye uliitwa eBay. Kitu cha kwanza kuuzwa kilikuwa kijitochi cha leza kilichoharibika, kwa dola 14 na senti 83. Omidyar mwenyewe alishangaa, akamwandikia mnunuzi kumuuliza kama ameelewa kwamba kitu hicho ni kibovu. Mnunuzi akajibu kwamba anaelewa, kwani yeye hukusanya vijitochi vibovu. Kisa hiki husimuliwa kwa kuchekesha, lakini nakipenda kwa sababu nyingine. Siku ile uaminifu wote wa soko ulikuwa barua moja ya mtu mmoja muungwana. Mwaka uliofuata, 1996, eBay ikaanza utaratibu wa wanunuzi na wauzaji kupeana alama na maoni hadharani, na nyota hizo ndizo tunazozikuta leo kila tovuti.

Nyota zilisaidia sana, kisha zikaanza kuuzwa. Watu wakaunda biashara nzima ya kuandika sifa za uongo kwa malipo. Tatizo lilifika mahali serikali zikaingilia: Marekani ilitoa kanuni dhidi ya maoni bandia iliyoanza kutumika Oktoba 2024, na Uingereza ikayapiga marufuku kwa sheria iliyoanza kufanya kazi Aprili 2025. Mimi mwenyewe siku hizi sisomi maoni ya nyota tano. Nasoma ya nyota mbili na tatu, maana huko ndiko wanakoandika watu waliokitumia kitu kweli.

Lakini wazo lililobadilisha mambo zaidi ya yote, kwa maoni yangu, lilitoka China. Mwaka 2003 kampuni ya Alibaba, iliyoanzishwa Hangzhou mwaka 1999 na Jack Ma na wenzake, ilifungua soko liitwalo Taobao. Wakati huo eBay ilikuwa tayari imeingia China kwa kununua kampuni ya huko, ina fedha na jina. Taobao ilikuwa na tatizo kubwa: Wachina wengi hawakuwa na kadi za mkopo, na hakuna aliyekubali kutuma fedha kwanza kwa mtu asiyemjua mji wa mbali, kama ambavyo hakuna aliyekubali kutuma mzigo kwanza. Kila mmoja alimngoja mwenzake.

Dawa yao ilikuwa Alipay, iliyoanza Oktoba mwaka huo huo. Mnunuzi analipa, lakini fedha haziendi kwa muuzaji. Zinakaa kwa mtu wa kati. Muuzaji anaarifiwa kwamba fedha zipo, anatuma mzigo, mnunuzi anafungua, anaangalia, anathibitisha, ndipo fedha zinaachiliwa. Sisi watu wa Pwani tunalo neno la kitu hiki tangu zamani: amana. Bibi zetu waliweka fedha na dhahabu kwa mwenye duka waliyemwamini, na mwenye duka hakuthubutu kuzigusa. Alipay iliifanya amana kuwa kazi ya kompyuta, kwa mamilioni ya watu wasiojuana. Desemba 2006 eBay ilifunga tovuti yake kuu ya China, ikajiondoa kwa kuingia ubia na kampuni ya wenyeji. Sababu zilikuwa zaidi ya moja, ikiwemo kwamba Taobao haikuwatoza wauzaji, lakini amana ilikuwa miongoni mwa kubwa.

Ukiangalia vizuri utaona kwamba maduka makubwa yote yaliyobaki yanafanya hivyo kwa namna yake. Amazon ilifungua milango kwa wauzaji wa nje mwezi Novemba 2000, na sasa zaidi ya nusu ya vitu vinavyouzwa humo ni vya wauzaji hao, si vya Amazon yenyewe. Wewe unayenunua hujui kama anayekuuzia yuko Manchester au Shenzhen, na hujali, kwa sababu fedha ziko kwa Amazon na malalamiko yanakwenda kwa Amazon. Hata TikTok Shop, iliyoanza hapa Uingereza mwaka 2021, ambapo mtu hujirekodi moja kwa moja akinadi mitandio na mafuta ya nywele kama yuko mnadani Karume, haimkabidhi muuzaji fedha zake papo hapo. Zinasubiri mzigo ufike.

Juu ya hayo kuna sheria. Hapa Uingereza, kanuni za mwaka 2013, zilizoanza kutumika Juni 2014, zinampa mnunuzi wa mbali siku 14 tangu apokee mzigo kubadili nia bila kutoa sababu, ingawa vipo vitu visivyohusika, kwa mfano vilivyotengenezwa kwa vipimo vyako mwenyewe. Na ukilipa kwa kadi ya mkopo kitu cha bei ya zaidi ya pauni 100 mpaka pauni 30,000, sheria ya mikopo ya mwaka 1974 inaifanya kampuni ya kadi ibebe dhamana pamoja na muuzaji. Duka likifilisika, unaidai kampuni ya kadi. Nimekutana na Watanzania na Wakenya walioishi hapa miaka 20 hawajui haki hiyo, wanalipia tiketi za ndege na makochi kwa kadi ya kawaida ya benki.

Kwa nini nyumbani imekuwa vigumu

Sasa turudi Tanga. Je, Afrika Mashariki hapajajaribiwa? Pamejaribiwa, tena kwa fedha nyingi.

Jumia, iliyoanzia Lagos mwaka 2012, ilielewa tangu mwanzo kwamba mteja wa Afrika hatalipa kabla ya kuona. Kwa hiyo ikaweka utaratibu wa kulipa mzigo ukifika. Dereva wa pikipiki anakuja mpaka mlangoni, unaangalia, unatoa fedha. Kwa mnunuzi ni raha. Kwa kampuni ni balaa, kwa sababu hatari yote imehamia upande wake. Dereva anafika, mteja hapokei simu. Au anapokea na kusema mshahara haujatoka, njoo mwisho wa mwezi. Au amekwishanunua kwingine. Mzigo unarudi ghalani, mafuta yamechomwa, na hakuna shilingi iliyoingia. Ongeza na suala la anwani, pale maelekezo yalipokuwa "ukifika kwenye mwembe uulize kwa mama fulani", maana Tanzania ilifanya operesheni yake kubwa ya anwani za makazi mwaka 2022 tu.

Aprili 2019 Jumia iliingia katika soko la hisa la New York kwa shangwe. Novemba mwaka huo huo ikafunga shughuli zake Cameroon, na siku chache baadaye, Novemba 27, ikafunga Tanzania. Imeendelea Kenya na Uganda, lakini mwisho wa 2024 iliondoka pia Afrika Kusini na Tunisia. Muda wote huo imekuwa ikiwabembeleza wateja walipe kabla kwa njia yake ya JumiaPay.

Kenya kulikuwa na jaribio ambalo binafsi nililipenda zaidi. Kampuni ya Copia, iliyoanza 2013, haikumtafuta mteja wa vijijini kwa simu. Ilimtumia mwenye kiosk au mama wa saluni ambaye kijiji kizima kinamjua. Mteja anaagiza kwake, analipa kwake, anachukua mzigo kwake, na ukiwa mbovu anarudisha kwake. Yaani amana ilikuwa na uso, na uso huo ulikuwa wa jirani. Mei 2024 kampuni ikaishiwa fedha, ikawekwa chini ya wasimamizi. Kupeleka bati na magodoro kwenye barabara za vumbi kwa faida ndogo kulihitaji mtaji ambao wawekezaji walichoka kuutoa.

Na M-Pesa? Watu wa huku hutuuliza mara kwa mara: ninyi mna fedha kwenye simu tangu Machi 2007, mlitutangulia, mbona maduka hayakufuata? Jibu ni kwamba M-Pesa ilijengwa kwa mtu anayemtumia mamake fedha, na kwa kazi hiyo haina mpinzani. Ukituma, imefika. Sifa hiyo hiyo inayomfurahisha mama ndiyo inayomfaa tapeli. Upo utaratibu wa kuomba muamala urudishwe, lakini aliyepokea akishatoa fedha kwa wakala, utarudishiwa nini?

Hivyo biashara ya mtandaoni iliyostawi kwetu ni ile isiyo na mtu wa kati kabisa: Instagram, WhatsApp, na siku hizi TikTok bila kikapu cha kulipia. Msiidharau. Kuna mama wa Mbagala anayeuza vitenge mpaka Lubumbashi kwa hali ya WhatsApp tu, na wafanyabiashara wa Kariakoo hutuma mizigo Mbeya, Mwanza na Bujumbura kila usiku kwa mabasi, na Unguja kwa boti, na mingi inafika salama. Wengi wao ni waaminifu kupita kampuni zenye maghala. Tatizo ni kwamba mteja mpya hana njia ya kumtofautisha mwaminifu na yule wa blenda yangu. Wafuasi hununuliwa. Picha huibwa kwenye ukurasa wa mwingine. "Mrejesho" wa wateja walioridhika ni picha za skrini ambazo mtoto wa darasa la saba anaweza kuzitengeneza.

Sheria nazo zipo. Tanzania ilipitisha Sheria ya Miamala ya Kielektroniki mwaka 2015, na ndani yake mna vifungu vya kumlinda mnunuzi. Kenya ina sheria ya kumlinda mlaji ya mwaka 2012 inayotaja mikataba ya intaneti. Lakini sheria inahitaji mtu wa kumshitaki. Mimi nilikuwa na jina la ukurasa, namba ya simu, na picha ya risiti ya basi. Na kwa shilingi 230,000, karibu pauni 70 wakati ule, ni nani angepanda ndege kwenda kudai?

Na bei je?

Wapo watakaosema kwamba mnunuzi hafuati amana, anafuata bei, na watanitajia Shein na Temu. Ni kweli kwamba vifurushi vya bei ya kutupa kutoka China ndiyo habari kubwa ya miaka hii. Umoja wa Ulaya ulihesabu vifurushi bilioni 4.6 vya thamani ndogo vilivyoingia mwaka 2024, na kiasi cha asilimia 91 vilitoka China. Lakini sehemu ya bei hiyo ilitokana na msamaha wa ushuru, na msamaha unaondolewa. Marekani iliufuta kwa mizigo ya China Mei 2025 na kwa nchi zote Agosti 29 mwaka huo, baada ya miaka tisa ya kuruhusu mzigo wa hadi dola 800 kuingia bure. Uingereza ilitangaza Novemba 2025 kwamba msamaha wake wa pauni 135 utaondoka ifikapo Machi 2029.

Waliumia pia wasiokusudiwa. Dada zetu walioko Marekani waliokuwa wakiletewa vikapu na khanga kutoka nyumbani, vifurushi viwili vitatu kwa mwezi, na kuviuza mtandaoni, walijikuta katika sheria ile ile iliyotungwa kwa ajili ya Temu. Agosti ile mashirika kadhaa ya posta duniani yalisimamisha kwa muda kupeleka vifurushi Marekani kwa sababu hayakuwa na utaratibu wa kukusanya ushuru huo.

Hata hivyo, angalieni Temu ilivyoingia hapa mwaka 2023. Bei ilikuwa ya chini, naam, lakini ilikuja pamoja na ahadi ya kurudisha bure ndani ya siku 90. Walijua kwamba jina geni halinunuliwi kwa bei peke yake.

Blenda ya pili

Mama hakunilaumu. Alisema tu, "Mwanangu, fedha ya jasho haipotei," jambo ambalo mimi na yeye tunajua si kweli. Meza ya juisi ilikaa tupu mwezi mzima na machungwa ya Muheza yakipita mbele yake kwenye mikokoteni.

Mwishowe nilimpigia binamu yangu, kijana anayeshinda Kariakoo akifanya kazi hii na ile. Akaenda dukani yeye mwenyewe. Akaomba mashine iwashwe. Akanunua barafu ya shilingi 500 kwa mpita njia, akaitumbukiza ndani, akanionyesha kwa video inavyosagika, akausomea mwanga wa simu namba iliyoandikwa chini ya mota. Nikalipa yeye akiwa amesimama pale pale na mkono juu ya boksi. Akalifunga kwa gundi yake mwenyewe, akalipeleka Mbezi, akalikabidhi kwa kondakta wa basi la Tanga anayemfahamu. Nikampa 15,000 ya kazi. Mashine ilifika, na mpaka leo inasaga.

Nilikisimulia kisa hicho msibani hapa Leicester, si kwa nia ya kutangaza biashara. Wiki ile ile watu wawili wakaniomba namba yake. Tangu hapo amekwenda kukagua friji, magodoro mawili, taa za sola, na mashine ya cherehani ya bibi mmoja wa Morogoro. Ana daftari la mistari ambamo ameandika tarehe, duka, bei aliyoambiwa kwa simu na bei aliyoikuta mlangoni. Mara mbili amerudi na kumwambia mteja asinunue, akakosa ujira wake.

Mwezi uliopita alipata mteja wa kwanza asiyetoka kwa watu ninaowajua mimi, bwana mmoja wa Birmingham anayetaka kumnunulia babake pampu ya maji. Bwana yule akamuuliza swali la haki kabisa: na wewe nitakuaminije? Binamu akampa namba yangu. Jumamosi asubuhi simu ikalia, mtu nisiyemjua akanisalimu kwa adabu, kisha akaniuliza maswali karibu nusu saa: huyu kijana ni mtoto wa nani, anaishi wapi, anaswali msikiti gani, na akipotea na fedha zangu, wewe utalipa?

Nikamwambia nitalipa.